Bosi wa Siku

Meru mjini,
14 Mei 2025

Kwa Mama Gitari,

Habari za Ishiara? Natumaini barua hii itakufikia kabla Mwenda hajaikalia. Mwenda ndiye dereva wa lori la baba yangu, yule anayekuja huko kununua ndengu siku ya soko. Nimemwambia aweke bahasha juu ya dashibodi, si chini ya kiti. Amesema sawa, lakini namjua.

Ndani kuna picha ishirini na mbili. Niliahidi kuzileta kwa mkono wangu, na nimeshindwa, kwa hivyo naomba radhi. Kumi ni za Desemba kule Githongo, mlipokuwa mkichuma kahawa. Hizo nyingine ni za Aprili, nilipokuja kwenu mkipalilia ndengu. Naomba radhi pia kwa siku ile ya Aprili. Nilikaa saa moja tu, Mwenda akipiga honi barabarani kama mtu aliyeibiwa.

Ningekupigia, lakini simu yako haishiki. Tena nakumbuka ulivyoniambia Githongo, mvua ilipotufungia stoo, kwamba ulipokuwa msichana ndiwe uliyewaandikia barua wanawake wote wenye waume Nairobi. Nikaona kukutumia picha bila barua ni kukukosea adabu.

Nina habari njema. Kuna picha moja iliyopendwa kuliko zote. Ni ile ya Aprili: nyinyi kumi mmeinama kwenye mistari, na nyuma yenu yule mama mwenye shamba amekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli, chupa ya chai kando yake, anawaonyesha kwa fimbo mahali mlipobakiza magugu. Niliiweka kwenye ukurasa wangu wa mtandao na maneno haya: "Vibarua kumi wakipalilia, bosi akiwatazama. Mbeere, Aprili 2025." Maelfu ya watu wameitazama. Wengine wameniandikia kwamba walilia. Nafikiri sasa watu wataelewa jinsi maisha yalivyobana wanaolima mashamba ya wengine.

Nisalimie kila mmoja.

Wako kwa heshima,
Ikran Younis


Ishiara,
28 Mei 2025

Kwa mwanangu Ikran,

Salamu nyingi kama mchanga wa mto Thuci. Shuleni tulifundishwa kuandika "kama maji ya bahari", lakini bahari sijaiona, na mchanga wa Thuci nimeubeba kwa karai.

Bahasha ilifika ikiwa na alama ya kiatu cha Mwenda. Tuliifungulia kwa Veronicah tukiwa wote kumi na mmoja, mikono imeoshwa kwa sabuni. Gladwell amesema picha yake ya Githongo, ile ya gunia la buni mgongoni, ndiyo itakayowekwa juu ya jeneza lake, na hataki kusikia nyingine. Tumemwambia afe kwanza.

Nina swali moja tu. Kwa nini hakuna anayecheka? Nimezigeuza zote ishirini na mbili, nimezitazama hata kwa upande wa nyuma. Siku ile Gladwell alipoteleza kule Githongo akakalia debe lake mwenyewe, tulicheka mpaka mbavu zikauma, na wewe ulikuwa papo hapo na kamera yako. Kwenye picha tumekaa kama watu waliotoka mazishini jana.

Lakini yale maneno yako! "Bosi akiwatazama!" Niliwasomea kwa sauti na Veronicah akamwaga uji. Tangu siku hiyo Lenah hataki kula nasi, anasema mabosi hula peke yao. Kumbe na wewe unajua kutania, mtoto wa Younis. Uso wako sikuuona kuwa wa utani.

Lenah anakusalimu. Plasta ya mguu itatolewa mwezi wa sita. Mfupa ulikataa kushika haraka, lakini sasa umeshika. Akiweza kuinama tutamrudisha kwenye mstari na fokojembe lake, ubosi uishe.

Ni mimi mamako,
Cicily Rwamba, Mama Gitari


Meru mjini,
20 Juni 2025

Kwa Mama Gitari,

Asante kwa barua yako. Nimeisoma mara nyingi.

Nimefurahi kusikia kwamba mama Lenah anapona. Sikujua kama alikuwa amevunjika mguu. Leso ilikuwa imeufunika.

Kuhusu kucheka, sina jibu zuri leo. Nitakujibu siku nyingine.

Nimempa Mwenda leso mpya ya mama Lenah na majani ya chai ya nyinyi nyote. Si kwa sababu yoyote, nimejisikia tu. Baba anasema bei ya ndengu imeanguka tena, na naona aibu kukuandikia hivyo kwa kuwa yeye ndiye mnunuzi. Mama yangu Faadumo amekwisha kumwambia mara mbili wakati wa chakula kwamba watu hawali mizani.

Kazi ni nyingi huku, kwa hivyo naishia hapa.

Ikran


Ishiara,
2 Septemba 2025

Ikran,

Leo sina salamu za mchanga.

Umejua jinsi mvua ilivyotukatikia. Ndengu zilitoa maua, tukafurahi, kisha zikakauka zikiwa na maganda matupu. Nimevuna za kujaza sufuria mbili. Lenah hakuvuna hata za kujaza kiganja. Sasa kuna shirika limekuja kugawa mbegu kwa waliokosa mavuno, ili watu wapande mvua ya Oktoba. Kijiji kimechagua kamati ya kuandika majina, na karani wake ni Nthiga, mume wa Veronicah, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na miwani ya kusomea anayoivaa hata akinywa chai. Jina la Lenah lilikuwa la nne. Juzi tumesikia limekatwa.

Nilienda kumuuliza Nthiga. Akatoa simu yake akanionyesha picha yako. Picha hiyo imezunguka hapa kuliko homa. Akaniambia, "Mama Gitari, mimi sina ubaya na mtu. Lakini mtu ako na vibarua kumi, mwavuli, na chai ya chupa, nitamwandikaje kwa list ya wasiojiweza? Watu wa shirika wakiona hii watasema kamati ni corrupt. Picha haidanganyi."

Ikran, nilidhani ulitania. Niliposoma "vibarua" nilicheka kwa sababu nilidhani unajua. Je, hukujua? Hebu niambie kweli.

Nikuambie kama hukujua. Sisi kumi na mmoja tunalimiana kwa zamu. Leo shamba langu, kesho la Gladwell, keshokutwa la Veronicah. Hakuna anayemlipa mwenzake, kila mmoja anampa mwenzake siku. Mwenye zamu hupika uji na kushika jembe mbele ya wote. Lenah alianguka kwenye mteremko wa mto mwezi wa tatu akiwa na mtungi. Zamu yake ilipofika hakuweza hata kusimama, basi tulimbeba mpaka shambani na kigoda chake, kwa sababu alisema akibaki nyumbani atalia siku nzima. Mwavuli ni wangu. Chai alipika Gladwell. Chini ya ile leso kuna plasta mpaka gotini.

Mwalimu wangu wa Kiswahili alituambia kwamba kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu akifanya kazi ya siku alipewa kikaratasi, na kikaratasi ndicho kilichoitwa kibarua, mpaka jina likahama kutoka kwenye karatasi likamkalia mtu. Wewe nawe umeandika kikaratasi chini ya picha, na sasa kimemkalia Lenah. Kitamtokaje?

Majina yatasomwa mwisho tarehe kumi na mbili. Ana watoto wawili nyumbani na shamba ambalo lisipopandwa Oktoba litakaa tupu mpaka Machi. Bei ya unga unaijua.

Cicily Rwamba


Meru mjini,
6 Septemba 2025

Kwa Mama Gitari,

Umeniomba kweli. Siku ile ya Aprili sikujua, lakini tangu Mei najua.

Niliposoma barua yako ya kwanza, pale ulipoandika plasta, niliketi kitandani nikaisoma tena. Nilikuwa nimepata barua nyingine wiki hiyohiyo, kutoka kwa waandaaji wa maonyesho ya picha huko Nairobi. Walikuwa wameichagua picha ile iwe ya mbele kabisa kwenye maonyesho ya Oktoba. Maonyesho yenyewe yanaitwa "Vibarua". Nimepiga picha za harusi na pasipoti miaka sita nikingoja barua kama ile. Nikajiambia, maneno ni madogo, nani atakayeumia? Nikanyamaza, nikamtumia Lenah leso. Naona aibu hata kuiandika.

Nimewaandikia watu wa Nairobi jana, nikawaambia kwamba maelezo ni ya uongo na picha haisemi nilichodai. Kwenye ukurasa wangu nimeandika kosa langu kwa herufi kubwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na simu ya Nthiga siwezi kuifikia. Ningekuja mwenyewe, ila nimeshika harusi ya siku tatu mjini Maua ambayo malipo yake yameshaliwa.

Uliniuliza kwa nini hakuna anayecheka. Jibu ndilo hili: kila mlipocheka, nilishusha kamera nikangoja mmalize. Nilidhani mtu akionekana anacheka, hakuna atakayeamini kwamba ana shida.

Siku ile ya Aprili kidole changu kilibonyeza mara mbili. Ya pili ilikuja sekunde mbili baada ya ile ya kwanza, nami niliitupa. Nimeitafuta kwenye diski siku nzima nikaipata. Nimeichapa kubwa, ukubwa wa sinia. Iko kwenye bomba la plastiki ambalo Mwenda amelifunga kwa kamba kwenye kioo cha mbele. Safari hii ameapa kwa mama yake. Itazame, kisha umwonyeshe Nthiga.

Nisamehe. Mwombe na mama Lenah anisamehe, au la, umwambie nitakuja kumwomba mwenyewe.

Ikran


Ishiara,
7 Septemba 2025

Kwa mwanangu Ikran,

Jibu lako sijalipata na silingoji, kwa sababu tangu niandike ile barua silali vizuri.

Nilikuuliza kama hukujua. Nilikuuliza kwa ukali, na huku moyoni najua kwa nini hukujua. Ulipofika shambani siku ile uliuliza, "Nyinyi mnafanya kazi ya nani?" Ni mimi niliyekujibu. Nikanyoosha kidole nikasema, "Sisi ni vibarua wa yule bosi pale, na ni mkali, hatupi hata maji." Wenzangu wakacheka chini kwa chini. Lenah naye akanyanyua fimbo akaanza kutuamrisha, "Wewe Gladwell, hapo umeacha!" Ndipo ukapiga.

Huo ni utani wetu wa miaka yote. Mwenye zamu tunamwita bosi wa siku, tunamlalamikia mpaka jua litue, naye anatutishia kutufuta kazi. Hata uji tunauita mshahara. Nilisahau kwamba wewe ni mgeni, na mgeni huandika anachoambiwa.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lenah alijikwaa kidole, akakaa na plasta miezi mitatu. Mimi nilijikwaa ulimi, na ni yeye tena anayeumia. Sijamwambia. Nitamwambia kesho tukienda kuni.

Kwa hivyo ile hasira niliyokutumia, nirudishie nusu. Ni yangu.

Cicily Rwamba, Mama Gitari


Ishiara,
13 Septemba 2025

Kwa mwanangu Ikran,

Salamu nyingi kama mchanga wa Thuci, na leo ongeza kokoto.

Bomba lilifika zima. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama sokoni. Hasira ilinipanda, ikashuka, maana nami nilikuwa nimekwisha kumwungamia Lenah kule kwenye kuni. Unajua aliniambia nini? Alisema, "Rwamba, mimi nilinyanyua fimbo mwenyewe. Acha kujifanya shetani peke yako." Kisha akaniachia mzigo mkubwa wa kuni nimbebee, na nikaubeba.

Jana tulienda wote kumi na mmoja kwenye kibaraza cha duka la Nthiga. Kamati ilikuwa imekaa, kalamu tatu zimetoka mfukoni. Nikaikunjua picha yako juu ya meza, tukaweka mawe kwenye pembe zake. Ikran, mbona ulikuwa umeitupa? Wote tumegeuka. Gladwell ameshika kiuno, mdomo wazi, jino lililong'oka linaonekana. Lenah amecheka mpaka leso imemporomoka, plasta nyeupe kama chaki iko mbele ya watu. Fimbo imekuwa juu kama ya mwalimu wa kwaya.

Nthiga akavaa miwani. Akasema, "Hii nayo ni nini?"

Nikamwambia, "Ni ile yako ya simu, sekunde mbili baadaye. Sasa nisomee majina ya vibarua."

Akaanza kutoka kushoto. "Gladwell. Mama Gitari." Alipofika wa tatu akavua miwani, akaipangusa, akairudisha. Kwa simu alikuwa ameona mgongo tu. Mkewe Veronicah alikuwa amesimama nyuma yake, na kitambaa kilekile kichwani, akamwuliza polepole, "Baba Muthomi, mimi ni kibarua wa nani?"

Nthiga akasema, "Lakini si uliniambia unaenda kumsaidia Lenah?"

"Na hapo ninafanya nini?"

Mzee mmoja wa kamati alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba lile neno la bosi lilitoka mdomoni mwangu, na kama kuna jina la kukatwa, wakate langu. Lilikuwa la kumi na saba. Kusema hivyo kuliniuma, maana nazihitaji mbegu. Nthiga alinitazama, kisha akachukua kalamu, ile nyekundu, akairudisha mfukoni. Akatumia ya buluu. Lenah ameandikwa tena wa nne. Langu hakuligusa.

Alituomba radhi, na aliomba vizuri. Si mtu mbaya. Ila ameniomba picha ile aiweke dukani, na Veronicah amekataa mpaka amnunulie kitambaa kingine.

Sasa wewe. Lenah anasema msamaha wa barua hautaki. Githongo ulikuja ukiwa mgeni. Aprili ukaja ukiwa mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mvua ikinukia tu, tutapanda kwake, na utapiga mstari wako kama watu wengine. Kamera ije, lakini ikae kwenye kigoda.

Mamako,
Cicily Rwamba, Mama Gitari


Meru mjini,
3 Novemba 2025

Kwa Mama Gitari,

Ninaandika nikiwa nimefunga viganja vyote viwili kwa kitambaa, kwa hivyo usicheke mwandiko. Malengelenge yamepasuka na mama yangu anayapaka asali na kunisema. Baba alitaka kujua kama ni kweli mstari wangu ulikuwa umepinda kama nyoka. Mwenda alimpa habari zote kabla sijashuka kwenye lori.

Mwambie mama Lenah nimesikia mvua ilinyesha siku mbili baada ya kupanda. Nilisimama kwenye mlango wa duka hapa mjini, wingu likielekea kwenu, nikaomba dua kwa ajili ya shamba lisilo langu. Sikuwahi kufanya hivyo.

Sikuwaambia siku ile ya kupanda, kwa sababu mlikuwa na furaha nami sikutaka kuiharibu. Watu wa Nairobi wamenirudishia picha zote. Hawakukasirika. Wamesema tu kwamba mfululizo bila picha ile umepoteza moyo wake, na nafasi yangu wamempa mwingine. Nililia, siwezi kukuficha. Kisha nikazitandaza sakafuni, nikazichanganya na zile zote nilizowahi kuzitupa, zile za kucheka. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne, Mama. Sikulala mpaka nilipozitazama zote, na asubuhi nilijua kwamba sasa ndipo nina kazi ya kuonyesha. Gladwell juu ya debe lake yumo. Yumo na yule mama wa Githongo akiwa amejifunika gunia kwa mvua, anacheka na mahindi ya kuchoma mdomoni huku akilia kwa ajili ya mwanawe aliyefukuzwa shule. Kucheka hakukuondoa shida yenu. Sijui nani aliniambia vitu hivyo viwili haviwezi kukaa ndani ya picha moja.

Kuna kanisa Kaaga limenipa ukumbi wake kwa siku tatu za Desemba. Ni ukumbi wa vumbi, kuta zake zina matundu ya misumari ya miaka thelathini, na sina mtu wa kunisaidia kuzitundika. Nitajitahidi. Nimebadilisha jina la maonyesho. Yataitwa "Bosi wa Siku".

Wako,
Ikran


Ishiara,
12 Novemba 2025

Kwa mwanangu Ikran,

Ndengu za Lenah zimeota. Mstari wako tunaujua bila kuuliza. Mtu akipita huko anapinda shingo. Tumekubaliana usipaliliwe na mtu mwingine yeyote ila Gladwell, ambaye naye haoni vizuri.

Umeandika jambo ambalo limetuudhi sote. Umesema huna mtu wa kukusaidia. Uliposhika jembe kwa Lenah ulidhani ulikuwa unalipa deni? Uliingia kwenye zamu. Sasa sisi ni kumi na wawili, na wa kumi na mbili ni wewe. Kila mmoja wetu ana siku yake, nawe una yako.

Lenah alisema, "Lakini huyu hana shamba." Veronicah akamjibu, "Ukuta si shamba?" Likaisha.

Mwanzo wa Desemba tunapanda kwenda Githongo kuchuma kahawa, kama kila mwaka, maana ndengu hazilishi mtu kabla hazijakomaa. Mguu wa Lenah hauwezi kuchuma bado, lakini amesema hata akibaki stoo akipika, anakuja. Tutashuka Kaaga siku moja kabla ya maonyesho yako. Mwambie Mwenda atubebe lori likirudi, na alifagie, sisi si magunia. Tutakuja na nyundo ya Nthiga. Wewe tafuta misumari na unga wa uji.

Tafuta na kigoda. Usiulize cha nini.

Mamako,
Cicily Rwamba, Mama Gitari


Stoo ya kahawa, Githongo,
8 Desemba 2025

Kwa Ikran,

Mimi ni Lenah Igoki. Nasema kwa mdomo wangu na Rwamba anaandika, na nimemwambia asiongeze lake. Hiki ni kibarua tu, maana karatasi ni ya mfuko wa sukari, na yeye hapa anataka kurudi kuchuma.

Kwanza, nimekusamehe siku ya kupanda, ulipofika mwisho wa mstari ukageuka ukauona ulivyopinda. Nilikuwa sijakuambia.

Pili, ile picha niliyokupiga na kamera yako Kaaga, itoe unitumie. Nataka ya ukubwa wa sinia. Rwamba anasema nimeshika kamera kama mtu aliyeshika kuku. Sijali. Nimeiona kwenye kile kioo cha nyuma na ni nzuri. Veronicah yuko juu ya ngazi anatundika picha ya mgongo wake mwenyewe. Gladwell anafagia vumbi lote linamrudia. Rwamba ana misumari mdomoni, kwa mara ya kwanza amenyamaza. Wengine wamebeba picha na kushika ngazi. Na wewe uko katikati kwenye kigoda, umefunguliwa mwavuli ndani ya nyumba, chupa ya chai miguuni, fimbo yangu mkononi. Ulitaka kuinuka mara tatu na mara tatu tukakukalisha.

Chini yake uandike hivi, neno kwa neno, usibadilishe: "Vibarua kumi, bosi akiwatazama. Kaaga, Desemba 2025."

Rwamba anauliza mbona nilichelewa kubonyeza, mpaka mikono yao ikachoka kushika ngazi. Yeye hakuona kwa sababu alikuwa ameelekea ukutani. Ulikuwa unalia. Nilingoja umalize.

Lenah